Mfuko sahihi kwa mgonjwa sahihi: namna ya kuongeza damu kwa usalama, kuanzia sampuli hadi ukaguzi

Mgonjwa anapowekewa damu isiyo yake, kosa mara nyingi huwa limefanyika kitandani: ama sampuli ilipochukuliwa, ama mfuko ulipotundikwa. Maabara nayo hukosea, ila si kwa wingi huo. Makundi ya ABO yanajulikana tangu 1901, Karl Landsteiner alipoyaeleza akiwa Vienna, na kuyapima ni kazi ya dakika chache. Kigumu ni kuhakikisha kwamba jina la kwenye chupa, jina la kwenye fomu na mtu aliyelala kitandani ni mmoja. Mfumo wa SHOT, unaokusanya taarifa za matukio ya damu nchini Uingereza tangu 1996, umeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba sehemu kubwa ya matukio hayo hutokana na makosa ya watu. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kitandani.

Kosa la ABO lina uzito wake kwa sababu moja. Mtu asiye na antijeni A (alama iliyo juu ya chembe nyekundu) tayari ana kingamwili, yaani protini za kinga, dhidi yake kwenye plazima (majimaji ya damu), hata kama hajawahi kuongezewa damu maishani. Kingamwili hizo huamsha komplimenti (protini za damu zinazotoboa chembe) na kupasua chembe nyekundu ngeni ndani ya mshipa papo hapo. Damu isiyofika mililita 50 inaweza kumwangusha mtu mzima: presha inashuka, figo zinafeli, damu inaacha kuganda inavyotakiwa. Rh (kundi linalofanya damu iitwe chanya au hasi) na makundi mengine hayana kasi hiyo, kwani kingamwili zake huja baada ya mimba au baada ya kuongezewa damu huko nyuma.

Kwanza amua kama damu inahitajika

Himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye chembe nyekundu, haiamui peke yake, lakini husaidia kuweka mpaka. Utafiti wa TRICC uliofanyika Kanada na kuchapishwa 1999 ulikuwa na wagonjwa 838 wa uangalizi maalumu. Kundi moja liliongezewa damu himoglobini iliposhuka chini ya gramu 7 kwa desilita, jingine iliposhuka chini ya 10. Waliosubirishwa hawakufa zaidi ya wenzao. Tangu hapo 7 imekuwa mpaka wa kawaida kwa mtu mzima aliyetulia na asiyevuja damu, na wenye maradhi ya moyo wengi huwawekea 8.

Kwa watoto, soma matokeo ya TRACT, utafiti wa Uganda na Malawi uliochapishwa 2019. Watoto wenye himoglobini ya 4 hadi 6 wasio na dalili za hatari hawakupata nafuu ya ziada kwa kuongezewa damu papo hapo, ukiwalinganisha na wale waliofuatiliwa kwa karibu na kuongezewa pale tu hali ilipodai. Kuhusu ujazo, mililita 30 za damu kamili kwa kilo ziliwafaa wasio na homa, lakini kwa wenye homa 20 zilikuwa salama zaidi. Kwa hiyo kipimajoto kisomwe kabla ya daktari kuandika ujazo. Watu huruka hatua hii kwa sababu joto huonekana ni suala la muuguzi na ujazo ni suala la daktari.

Kwa anayevuja damu baada ya ajali, asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia bonge la damu lisiyeyuke, iende mapema: gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8. CRASH-2 ya 2010, yenye wagonjwa zaidi ya 20,000, ilionyesha inapunguza vifo. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha kwamba baada ya saa 3 tangu ajali dawa hiyohiyo yaweza kudhuru.

Mgonjwa asiyevuja damu agiziwe yuniti moja (mfuko mmoja), kisha apimwe upya. Yuniti moja humpandishia mtu wa kilo 70 takriban gramu 1 kwa desilita, na mwembamba hupanda zaidi. Desturi ya kuandika "yuniti mbili" bila kufikiri imewajaza maji mapafuni wazee wengi wenye umbo dogo.

Ndugu wa mgonjwa wakidai damu "mbichi" iliyotolewa leo, waeleze kwa upole kwamba tafiti kubwa, ABLE na RECESS za 2015 na INFORM ya 2016, hazikupata faida yoyote. Hata kwa watoto wenye upungufu mkali wa damu, utafiti wa TOTAL wa Uganda, 2015, uligundua kwamba damu ya siku 25 hadi 35 ilipeleka oksijeni sawa na ile ya siku 1 hadi 10. Na wakisema damu ya ndugu wa tumbo moja ndiyo salama, hapo kuna hatari wasiyoijua. Limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) za ndugu wa karibu zinaweza kufanana na za mgonjwa kiasi kwamba mwili wake hauzifukuzi, zikaota na kuushambulia. Tatizo hilo ni adimu, lakini karibu kila anayelipata hufa. Damu ya ndugu ipigwe mionzi kwanza, angalau grei 25, na kama kifaa hakipo, itumike ya mtu baki.

Sampuli

Nenda kitandani ukiwa na mgonjwa mmoja kichwani na fomu moja mkononi. Chupa iwe ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda), yenye kifuniko cha zambarau au cha waridi, na iwe tupu ubavuni: bila kibandiko, bila jina lililoandikwa mapema. Mililita 4 hadi 6 zinamtosha mtu mzima, na kwa mtoto mchanga 1 hadi 2.

Usimuulize mgonjwa, "Wewe ndiye fulani?" Mwenye homa, mwenye usingizi, asiyesikia vizuri au mwenye aibu ataitikia jina lolote utakalomtajia. Sema, "Mama, naomba unitajie majina yako kamili na tarehe yako ya kuzaliwa," kisha unyamaze umsikilize. Anachosema kilingane na bendi ya mkononi na fomu, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya hospitali. Namba ya kitanda si kitambulisho. Wagonjwa huhamishwa usiku, na kadi iliyoning'inizwa kitandani hubaki palepale ikimngoja mwingine. Aliyepoteza fahamu asiyejulikana apewe namba ya muda kwenye bendi, na namba hiyo ibaki naye hadi damu iishe, hata kama ndugu wametokea na jina lake katikati ya shughuli. Kubadili kitambulisho wakati damu iko njiani kumewaponza wengi.

Chukua damu, kisha andika lebo hapohapo, kwa mkono, kabla ya kuondoka kitandani: majina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya hospitali, tarehe, saa na sahihi yako. Kosa lenyewe hutokea hivi. Muuguzi anachukua sampuli za wagonjwa wawili kwa mkupuo, anaweka chupa mbili kwenye trei, anaitwa upande wa pili wa wodi, anarudi na kukaa mezani kuandika. Chupa zote mbili zina damu nyekundu ya kiasi kilekile. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa 2003 ulikadiria kwamba takriban sampuli 1 kati ya 2,000 huwa na damu ya mtu mwingine tofauti na jina lililoandikwa. Sampuli ya namna hiyo hupita vipimo vyote vya maabara salama salimini, maana kundi linalosomwa ni sahihi. Mtu ndiye siye. Kinachoweza kuinasa ni kundi lililorekodiwa zamani.

Kwa sababu hiyo, mgonjwa asiye na rekodi achukuliwe sampuli ya pili ya kuthibitisha kundi kabla ya kutoa damu isiyo ya kundi O. Sampuli hiyo ichukuliwe wakati mwingine, ikiwezekana na mtu mwingine, na mgonjwa aulizwe jina upya. Wapo wanaojaza chupa mbili kwa mchomo mmoja, ya pili wakaificha mfukoni na kuipeleka baada ya saa moja. Hapo kosa limenakiliwa tu, na sasa linaonekana limethibitishwa.

Ukiwa maabara ukakuta sampuli ina lebo yenye kasoro, ikatae. Usimwite muuguzi aje kuirekebisha dirishani, kwa sababu hana namna ya kujua damu ile ni ya nani zaidi ya unavyojua wewe. Ichukuliwe nyingine. Kuhusu muda, kama mgonjwa ameongezewa damu au amekuwa na mimba katika miezi 3 iliyopita, sampuli ya kulinganisha isizidi siku 3, maana kingamwili mpya zinaweza kuibuka katikati. Kwenye fomu uliza damu za awali, mimba, selimundu na athari zozote zilizowahi kutokea. Usichukue kwenye mkono wenye dripu, kwani kingamwili zitakuwa zimezimuliwa na kipimo kitadanganya.

Kazi ya maabara

Linganisha fomu na chupa kabla ya kugusa kitendanishi (kimiminika cha kupimia). Tofauti ya herufi moja ni tofauti.

Pima kundi pande mbili. Upande wa kwanza, chembe za mgonjwa dhidi ya anti-A ya bluu, anti-B ya njano na anti-D (vitendanishi vyenye kingamwili dhidi ya A, B na antijeni D ya Rh). Upande wa pili, plazima yake dhidi ya chembe za A na za B zinazojulikana. Majibu mawili yasipokubaliana, kundi halijajulikana, na hadi lijulikane mgonjwa apewe chembe za O. Mtoto wa chini ya miezi 4 hapimwi upande wa pili, kwani kingamwili zake mwenyewe bado hazijatosha. Kila siku, kabla ya mgonjwa wa kwanza, jaribu vitendanishi kwa chembe unazozijua: zinazopaswa kushikamana na zisizopaswa. Anayetumia slaidi asome ndani ya dakika 2. Ikikauka, pembeni hutokea vichembe vinavyofanana na kushikamana, na mtu wa O akasomeka A.

Krosimachi ya mirija, yaani kulinganisha plazima ya mgonjwa na chembe za mtoaji, ina mtego mmoja ambao ni lazima uuelewe. Weka matone 2 ya plazima ya mgonjwa na tone 1 la chembe za mtoaji zilizochanganywa na maji ya chumvi kwa asilimia 2 hadi 5. Hifadhi kwenye nyuzijoto 37, dakika 45 hadi 60 ukitumia maji ya chumvi ya kawaida, au takriban dakika 15 ukitumia LISS (maji yenye chumvi kidogo yanayoharakisha kipimo). Zungusha kwenye sentrifyuji, soma, halafu osha mara 3 au 4. Kila mara jaza mrija maji ya chumvi, zungusha, mwaga yote kwa mkupuo na ukaushe mdomo wa mrija. Ongeza kitendanishi cha Coombs, kinachoshikamanisha chembe zilizovaa kingamwili, bila kuchelewa, zungusha, kisha uinamishe mrija taratibu mbele ya mwanga.

Mtego ni huu: kuosha vibaya hutoa jibu la "inapatana". Globulini (protini za plazima) kidogo iliyobaki huyeyusha nguvu ya kitendanishi, na chembe zilizovaa kingamwili zinaonekana salama kabisa. Kipimo hiki, kilichoelezwa na Coombs, Mourant na Race mwaka 1945, huharibika kimyakimya. Dawa yake ni kuongeza chembe za udhibiti zilizovishwa kingamwili kwenye kila mrija uliosoma hasi. Zikishikamana, kitendanishi kilikuwa hai na hasi yako ni ya kweli. Zisiposhikamana, tupa jibu na uanze upya. Kusimama kwenda kupokea simu kati ya kuosha na kuongeza kitendanishi huleta madhara yaleyale, kwa kuwa kingamwili huchomoka kwenye chembe polepole.

Dharura isiyosubiri itolewe chembe za O, na kwa wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa ziwe za RhD hasi zikipatikana. Lakini sampuli ichukuliwe kabla mfuko wa kwanza haujaanza. Baadaye utakuwa unapima mchanganyiko. Kwa plazima mambo hugeuka: ya AB ndiyo inayomfaa yeyote.

Upimaji wa VVU, hepataitisi B, hepataitisi C na kaswende hufanywa kwa kila mfuko bila kuruka, hata mtoaji awe wa kudumu. Vipimo vyote vina kipindi cha siku kadhaa ambacho maambukizi mapya hayaonekani. Maswali anayoulizwa mtoaji ndiyo yanayoziba sehemu ya pengo hilo, na hayapaswi kuulizwa mbele ya foleni ambako kila mtu atajibu hapana.

Friji, saa na macho

Chembe nyekundu hukaa nyuzijoto 2 hadi 6, siku 35 kwenye CPDA-1 na hadi 42 kwenye SAG-M (miyeyusho ya kuhifadhia damu). Friji ya nyumbani haifai: nyuma yake huganda, na chembe zilizogandishwa hupasuka. Chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) hukaa nyuzijoto 20 hadi 24 zikitikiswa taratibu, kwa kawaida siku 5, na joto hilo ndilo linalozifanya ziongoze kwa kuotesha bakteria. Plazima iliyogandishwa iyeyushwe kwa nyuzijoto 37 ikiwa ndani ya mfuko wa pili, ili maji ya kuyeyushia yasiingie kwenye vinywa vyake.

Kuna hesabu mbili za muda za kuangalia. Ya kwanza huanza mfuko unapotoka kwenye friji: ukikaa nje zaidi ya dakika 30 usirudishwe akibani. Ya pili huanza hapohapo na kufika mwisho baada ya saa 4. Damu iliyobaki hapo inatupwa hata kama ni nusu mfuko. Ndiyo maana kanula iwekwe na ithibitishwe inapitisha kabla ya kwenda kuchukua damu. Mifuko mingi hupotea kwa sababu ililetwa wodini, halafu ndipo ukaanza msako wa mshipa.

Kabla ya kuutoa, uangalie mfuko kwenye mwanga. Tafuta mabonge, uvujaji kwenye mishono (ukamue kidogo), mapovu, na plazima yenye rangi ya waridi. Kisha linganisha rangi ya mfuko na ya vipande vya mrija vilivyofungwa pembeni yake. Mfuko ukiwa mweusi kuliko mrija wake, shuku bakteria: wadudu kama Yersinia enterocolitica huota hata kwenye baridi na kumaliza oksijeni ndani ya mfuko, wakati kipande kilichozibwa peke yake kimebaki na rangi yake. Mfuko huo usitoke.

Damu haipashwi kwenye beseni la maji moto, kwapani, wala kwenye maikrowevu. Anayehitaji damu ya uvuguvugu, kwa mfano anayepewa nyingi kwa haraka, atumie kifaa maalumu chenye kipimajoto na king'ora.

Kitandani

Pima joto, mapigo, presha na upumuaji ndani ya saa moja kabla ya kuanza. Bila vipimo hivyo hutajua homa ya dakika ya 20 ni ya damu au ya jana.

Ukaguzi wa mwisho ufanywe kando ya mgonjwa, si mezani kwa muuguzi wa zamu. Kulinganisha mfuko na faili hakusaidii. Faili halitaingiziwa damu. Mgonjwa ataje jina na tarehe ya kuzaliwa, bendi isomwe, kisha lebo ya upatanifu na mfuko wenyewe: namba ya mfuko, kundi, tarehe ya kuisha. Wakiwa watu wawili, kila mmoja asome peke yake kuanzia mwanzo. Mmoja akisoma kwa sauti na mwenzake akajibu "sawa, sawa", aliyekagua ni mmoja. Chochote kisipolingana, mfuko unarudi. Bendi ikiwa imekatwa kwa ajili ya kutafuta mshipa, irudishwe mkononi kwanza.

Tumia mrija wa damu wenye chujio la maikroni 170 hadi 200 na uubadilishe angalau kila saa 12. Katika mrija huo hupita damu na maji ya chumvi ya asilimia 0.9 tu. Dripu ya Ringa ina kalsiamu inayoishinda sitrati (dawa ya mfukoni inayozuia damu kuganda), na damu itaganda mrijani. Dekstrosi ya asilimia 5 huvimbisha chembe na kuzipasua. Dawa haziongezwi kwenye mfuko kamwe.

Anza polepole, mililita 1 hadi 2 kwa dakika, na ukae naye dakika 15 za mwanzo. Mwambie atakachokuarifu bila kungoja: baridi, maumivu ya kiuno au kifua, kuwashwa, joto kwenye mshipa, au ile hali ya kuhisi kwamba jambo baya linakuja. Malalamiko ya mwisho hupuuzwa kama woga, na mara nyingi hutangulia yote. Dakika ya 15 pima tena vyote. Pakiwa shwari, ongeza kasi.

Hesabu ya matone: zidisha ujazo kwa idadi ya matone ya mrija kwa mililita, ugawe kwa dakika. Mililita 300 kwa saa 3 kwenye mrija wa matone 20 ni 300 × 20 ÷ 180, yaani matone 33 kwa dakika. Mrija wa matone 15 ungehitaji 25. Namba ya mrija imeandikwa kwenye pakiti. Usikisie, kwani pakiti za aina mbili hukaa kabati moja. Mzee, mtu wa umbo dogo, mwenye moyo au figo dhaifu, na mwenye upungufu wa muda mrefu waende taratibu, na mapafu yasikilizwe kabla ya mfuko mwingine. Damu isiyo ya dharura isiwekwe usiku, kwa kuwa usoni pa mgonjwa hapaonekani vizuri na watu wa zamu ni wachache.

Mambo yakiharibika

Dalili yoyote mpya ichukuliwe kuwa ya damu hadi ithibitike vinginevyo. Mpangilio ni huu:

1. Funga damu. Usipunguze kasi, ifunge.
2. Iache kanula mahali pake. Ondoa mrija wote na uweke mpya wenye maji ya chumvi, kwani mrija wa zamani bado una damu ya kutosha kuendeleza madhara.
3. Angalia njia ya hewa, upumuaji, presha na mkojo.
4. Linganisha upya bendi na mfuko. Kama mfuko si wake, piga simu benki ya damu mara moja: huenda damu yake iko njiani kwa mgonjwa mwingine.
5. Chukua sampuli mpya mkono wa pili, mkojo wa kwanza, na damu ya kuotesha kama kuna homa. Mfuko na mrija wake viende maabara vikiwa vimefungwa, visitupwe.

Maabara ianze na makaratasi, kisha izungushe sampuli ya kabla na ya baada na kuziweka sambamba. Plazima iliyogeuka waridi au nyekundu ni jibu la dakika 5. Kipimo cha Coombs cha moja kwa moja (kuona kama chembe za mgonjwa zimevaa kingamwili) na kundi la zote mbili hufuata.

Si kila athari humaliza safari. Joto likipanda nyuzi 1 hadi 2 na kufika 38 bila dalili nyingine, au vipele vya kuwasha peke yake, unaweza kusimamisha, kutoa parasetamoli au dawa ya mzio, na kuendelea taratibu baada ya kuthibitisha mfuko ni wake. Likipanda nyuzi 2 au zaidi, likifika 39, au kukiwa na kutetemeka sana, maumivu ya kiuno au presha kushuka, mfuko huo hauendelei tena. Mzio mkali wenye kubanwa pumzi na presha kuanguka hutibiwa kwa adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja kwa mtu mzima, na kurudiwa baada ya dakika 5 kama hakuna nafuu.

Kwa anayekosa pumzi, tenganisha hali mbili. Presha juu, mishipa ya shingo imejaa, ujazo umezidi: mkalishe wima, oksijeni, furosemaidi (dawa ya kutoa maji kwa mkojo). Presha chini, homa, mapafu yamejaa maji ndani ya saa 6: huenda ni jeraha la mapafu litokanalo na kingamwili za mtoaji, na furosemaidi itamzidishia. Kingamwili hizo hupatikana zaidi kwa wanawake waliowahi kubeba mimba. Uingereza ilipoanza kupendelea plazima ya wanaume mwishoni mwa 2003, visa vilipungua. Aliye chini ya nusukaputi hatalalamika: kwake tazama kidonda kinachoanza kuvuja bila sababu, presha inayoshuka na mkojo mweusi. Na himoglobini iliyopanda halafu ikaanguka kati ya siku ya 3 na ya 14, macho yakiwa ya njano, ni kingamwili za zamani zilizoamka. Usiongeze damu nyingine kabla ya kuzitambua.

Kujikagua kwa namba

Wodi isiyo na athari hata moja kwenye rejesta kwa mwaka mzima huenda haiandiki. Ukaguzi mdogo hauhitaji fedha. Chukua mifuko 50 mfululizo kutoka rejesta ya benki ya damu, si kutoka mafaili yaliyo karibu nawe, kwa sababu mafaili yaliyopotea ndiyo yenye aibu. Kwa kila mfuko tazama: je, sababu imeandikwa? Himoglobini ya kabla ipo? Vipimo vya kabla, vya dakika 15 na vya mwisho vipo? Saa ya kutoka friji, ya kuanza na ya kumaliza? Hatima ya mfuko inajulikana? Soma hata mwandiko. Ukikuta mapigo 80, 80, 80 kwa wino mmoja na joto lisilobadilika kwa wagonjwa saba mfululizo, hayo yalijazwa zamu ilipokuwa inaisha. Yahesabu kuwa hayakupimwa.

Ukikuta kasoro 5 kati ya 50, hiyo ni asilimia 10, lakini kiwango halisi chaweza kuwa popote kati ya 3 na 22. Usijisifu mwezi ujao zikiwa 3. Na ukikuta sifuri kati ya 50, kiwango halisi bado chaweza kufika karibu asilimia 6.

Benki ya damu nayo igawe idadi ya mifuko iliyokrosimachiwa kwa idadi iliyotumika. Ikizidi 2 hadi 2.5, mifuko inafungiwa bure kwa majina ya watu wasioihitaji, na mingine itaisha muda hapo hapo rafuni. Ihesabu pia sampuli zilizokataliwa, kwa wodi na kwa sababu. Majina ya waliokosea yasibandikwe ukutani: mwezi unaofuata sampuli zenye kasoro zitaletwa zimeshasahihishwa, na hutaziona tena.

Ukitaka kuchapisha matokeo au kulinganisha njia mbili za kufanya kazi, hapo umeingia kwenye utafiti. Pata kibali cha kamati ya maadili kabla ya kukusanya takwimu, badili majina kwa namba, funguo za namba hizo zikae kabati tofauti, na amua mapema utapima nini na kwa mifuko mingapi. Anayeamua baada ya kuona namba hukuta kila mara alichokuwa anakitafuta.